Mkate wa Siku ya Shaka

Jumapili, mwezi pili Mfunguo Mosi. Kwa mdogo wangu Twaha ni mwezi tatu. Hata tarehe hatukubaliani.

Mvua imenyesha hapa Nateete tangu alfajiri na imekatika sasa hivi, baada ya adhuhuri. Watoto wa jirani wameanza kutoka na nguo zao za Idi, zile zile za jana, na pindo zimeshaingia matope. Siku nyingine ningewapigia kelele, maana nyingine nimezishona mimi na macho yangu yaliumia. Leo sina sauti. Nimekaa barazani na simu mkononi. Mlango wa chumba cha Mama uko wazi nyuma yangu, namsikia anavyopumua.

Naandika kwa sababu nimefanya jambo na sina wa kumwambia. Blogu hii husomwa na watu kumi na watatu, na nashuku wanne kati yao ni mimi mwenyewe ninaporudi kutazama makosa ya tahajia. Twaha hasomi. Husema kuandika mambo ya nyumbani mtandaoni ni kuanika nguo za ndani barazani. Kwa hilo pengine ana haki.

Basi nianike.

Mama anaumwa tumbo tangu mwaka jana. Lilianza kama kiungulia, tukacheka tukamwambia apunguze pilipili. Kabla ya Ramadhani madaktari walituambia turudi naye nyumbani, tumpe chochote anachotaka. Daktari alisema kwa upole sana, lakini mimi si mtoto. Ukiambiwa mpe mgonjwa anachotaka, ujue dawa zimekwisha.

Nikamuuliza anataka nini. Alitaka kitu kimoja tu, mkate wa sinia siku ya Idi, aule pamoja na mimi na Twaha, sote tukiwa kwenye sinia moja. Sisi ndio watoto wake wawili waliobaki. Aliposema hivyo hakunitazama, alitazama dirisha, kwa sababu alijua ananiomba nini.

Mimi na Twaha hatukuwa tumekaa sinia moja kwa miaka miwili.

Iko hivi. Baba yetu alikuwa mwalimu wa madrasa, kama baba yake na babu yake, waliofika huku kutoka pwani na misafara ya biashara na wasirudi. Alipofariki tulimsomea arobaini hapa hapa uani, tukaandaa pilau, wanafunzi wake wa zamani wakaja kusoma maulidi. Twaha alikuwa amerudi mwaka ule kutoka kazini Uarabuni, na alirudi na elimu nyingine. Alisimama katikati ya kisomo akawaambia wazee wa watu kwamba wanachofanya ni uzushi, wafunge vitabu. Wazee walinyamaza. Mimi sikunyamaza. Nilimwambia mbele ya watu wote atoke, na asikanyage uani kwangu mpaka akumbuke aliyemfundisha alifu. Alitoka. Tangu siku ile alikuwa akija kumwona Mama saa ambazo mimi niko dukani kwenye cherehani. Nilijua kwa sababu alikuwa akiacha harufu ya manukato yake, na Mama akidai ni ya kwake.

Kwa hiyo Mama aliposema anataka sinia moja, nilijua ananiomba nimeze. Nikameza. Nikampigia simu Twaha kule Bugolobi anakokaa, nikamweleza. Akasema, "Nitakuja siku ya Idi, Dada, inshallah." Nikasema karibu. Tulizungumza kama watu wanaouziana gari.

Hakuna aliyeuliza Idi ipi.

Wasiokuwa wa huku niwaeleze. Kuna miaka Kampala inapata Idi mbili. Mashehe wetu sisi husubiri mwezi uonekane hapa. Wenzao, aliko Twaha, ukionekana Uarabuni wamemaliza. Tulianza kufunga siku moja mwaka huu, nikajidanganya kwamba tutamaliza siku moja pia.

Na niwaeleze mkate wenyewe, maana wengine mkisikia mkate mnafikiria ule wa kupaka siagi. Huu ni wa mchele. Unaloweka mchele usiku kucha, unausaga na tui zito, sukari, iliki na hamira, unapata rojo. Unalifunika mpaka liumuke. Kisha unalimimina kwenye sufuria pana iliyopata moto na mafuta kidogo, makaa machache chini kwenye sigiri, makaa mengi juu ya kifuniko. Ukiiva unaugeuzia kwenye sinia na kuukata pembe pembe. Ukiwa mwepesi na una vitundu vitundu ndani, umefaulu. Ukishindwa unabonyea katikati. Wangu umebonyea kila mwaka tangu mikono ya Mama iache kufanya kazi. Alikuwa akiuita mkate wenye kidimbwi, akiwauliza wageni kama wamekuja na mashua.

Sasa, rojo halingoji. Likikaa sana linachachuka na harufu yake inakuwa ya pombe. Lakini mwezi nao hauna ahadi na mtu. Ndiyo maana nyumbani kwetu kuna utaratibu wa siku ya shaka, mwezi ishirini na tisa, ambao Mama aliupata kwa mama yake. Unasaga mchele wako alasiri. Magharibi ukisikia mwezi umeonekana, unaoka mkate wa Idi. Usipoonekana, unalikaanga rojo lile lile liwe vibibi vya futari, vile vichapati vidogo vya mchele, na unaloweka mchele mwingine kwa ajili ya kesho kutwa. Hakuna kinachoharibika. Nimeuona utaratibu huo maisha yangu yote na sikuwahi kufikiri kwamba unaweza kutumika kwa ubaya.

Jumatano nilivuka mji mzima kwenda soko la Nakawa kutafuta nazi. Nazi za kweli Kampala hutoka Mombasa kwa malori, na yupo mama mmoja Mkenya, Mama Akinyi, anayeziuza. Simwamini mwingine. Yeye mwenyewe huitikisa sikioni kabla hujamwambia. Alikuwa amesimama mbele ya magunia yake amekasirika.

"Dada Rehema, si uniambie ukweli. Hii Idi ni ya Ijumaa ama ni ya Jumamosi? Niko na nazi magunia tatu, na kila Muislamu akikuja ananiambia siku yake."

Nikamwambia sisi wenyewe hatujui, tunangoja mwezi.

"Haki nyinyi watu," akasema. "Sisi Krismasi iko kwa kalenda. Chukua sita, hizi ziko na maji."

Nilicheka njia nzima ya kurudi. Ndiyo mara ya mwisho kucheka, naona.

Alhamisi alasiri nikasaga. Kwa mara ya kwanza rojo lilikuja kama la Mama, limepanda mpaka ukingoni mwa bakuli, lina mapovu madogo. Nikampelekea alione. Aliingiza kidole, akakitazama, akasema, "Leo umenitii." Mchana ule alikuwa amekunywa uji nusu kikombe. Nikamuuliza kama anataka kuonja rojo kwa kijiko, akakataa. Akasema yeye anangoja mkate.

Magharibi mawingu yalijaa juu ya Kampala, hata ndege hukumwona. Nikafungua redio. Mashehe wetu wakatangaza kwamba mwezi haukuonekana, tukamilishe thelathini, Idi ni Jumamosi. Sikuwa nimefuturu kwa zaidi ya tende moja na simu ikalia. Ujumbe wa Twaha. "Idi mubarak Dada. Mwezi umeandama. Nakuja kesho baada ya swala kula na Mama, kama tulivyoahidiana."

Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi tangu jana. Hauna ubaya wowote. Hauna hata mzaha. Alhamisi nilisoma "mwezi umeandama" nikaona mtu amekuja tena kusimama katikati ya kisomo cha baba yangu.

Rojo liko mbele yangu. Makaa yameshika. Mgonjwa hafungi, kwa hiyo Mama angeweza kula saa yoyote ya siku. Hakuna aya wala shehe aliyenizuia kuoka. Ningeoka usiku ule ule, ningefunika kwa kawa, asubuhi Twaha angeukuta. Wangekula wawili, mimi nikiwa nimefunga, nimekaa nao pembeni ya sinia. Ingenigharimu mate tu.

Lakini niliona nikioka nitakuwa nimeshuhudia mwezi wake kwa mikono yangu mwenyewe.

Nikaweka kikaango.

Nilikaanga vibibi vyote, bakuli zima, kimoja baada ya kingine, na nilikaanga kwa hasira, nikijiona mtu wa dini sana. Mama alisikia mlio wa rojo kwenye mafuta kutoka chumbani. Akaita, "Mwezi haujaonekana?" Nikajibu, "Haujaonekana, Mama." Sikumwambia kuhusu ujumbe. Nilimpelekea kibibi kimoja kwenye kisahani, laini, cha katikati. Akakirudisha. Akasema tumbo lake ni dogo siku hizi na nafasi iliyopo ni ya mkate.

Nikaloweka mchele mwingine. Nililala vizuri, hilo ndilo linalonichoma.

Ijumaa Mama aliamka na nguvu. Nasema kweli, sikumwona hivyo tangu Rajabu. Alitaka kuogeshwa, akataka leso yake mpya, akataka kukaa. Nalongo, jirani yetu wa mlango wa pili, mama wa mapacha, alinisaidia kumwinua na kumwekea mito mgongoni. Nalongo ni Mkristo na husema Kiswahili kwa ajili ya Mama tu, kwa heshima. Akapiga makofi, "Maama! Leo mzee yuko muzuli! Leo atakula, tena sana."

Saa tatu Twaha akaingia, kanzu nyeupe, nywele zimeanza mvi, sikuwa nikijua. Alisimama mlangoni akasema hodi mara tatu nyumbani kwao alikozaliwa. Nikasema karibu. Tulipeana mikono. Alikuwa amebeba keki ya dukani kwenye boksi, yenye maua ya sukari, kwa aibu aibu, kama mtu anayejua si zamu yake.

Mama alimshika uso kwa mikono miwili. Kisha akatuangalia sote, akauliza swali ambalo nitalisikia mpaka kufa kwangu.

"Haya, mkate uko wapi?"

Nilisema, "Kesho, Mama. Idi ni kesho."

Twaha alinitazama. Yeye aliniona nimefunga siku ambayo kufunga ni haramu, mimi nilimwona anakula Ramadhani mchana kweupe, na kila mmoja aliuma ulimi wake kwa ajili ya mwanamke aliye kitandani. Nilingoja anibishie. Nilitaka anibishie, nilikuwa na majibu tayari, nimeyapanga tangu alfajiri. Hakubisha. Alisema polepole, "Sawa, Dada. Mwenye jiko ni wewe." Akafungua boksi, akakata kipande kidogo cha keki, akampelekea Mama mdomoni.

Mama akageuza uso. Akasema kwa sauti ile yake ya kutania, "Hii ya maua kawape wanao. Mimi nitakula wa Rehema kesho, na nyie wawili. Njoo kesho."

Akakataa kwa ajili yangu. Mtu mwenye njaa, siku aliyokuwa na nguvu ya kumeza, alikataa chakula ili asiniaibishe mbele ya mdogo wangu. Nami nilifurahi. Nilisimama pale nikafurahi kwamba Mama amechagua mwezi wangu.

Twaha aliahidi kurudi Jumamosi alasiri akitoka kazini, maana kwake ilikuwa siku ya kawaida. Alipoondoka Mama alibaki amekaa karibu saa nzima, ananiuliza nimeloweka vikombe vingapi, iliki nimeitwanga au nimeitia nzima. Jioni alisema amechoka, nikamlaza. Nilimfunika miguu. Aliniambia nisisahau chumvi, chembe tu, ndiyo inayoamsha utamu.

Jumamosi, Idi. Idi yetu.

Nilisaga baada ya swala ya alfajiri. Misikiti ilikuwa ikileta takbira toka pande zote za bonde, na mimi nimefunga kanga kiunoni, mikono myeupe kwa tui. Rojo likaumuka. Nikatia chembe ya chumvi. Makaa machache chini, mengi juu. Nilipofunua kifuniko nilipiga ukelele, Nalongo akaja mbio akidhani nimeungua. Mkate ulikuwa umepanda sawasawa, rangi ya dhahabu, hauna kidimbwi. Niliupiga kidole ukarudi juu. Maisha yangu yote sijawahi kuoka mkate kama huo, na sidhani kama nitaoka mwingine.

Nikaukata ungali moto, nikaenda nao chumbani.

Mama alikuwa amefumba macho. Nilimwita. Nilimwita tena. Alifumbua kidogo, akaniangalia, na nadhani aliunusa, kwa sababu pua yake ilicheza. Nadhani. Sina uhakika, na sitaki kujiongezea. Nilivunja kipande kidogo kuliko punje ya mahindi, nikakilainisha na tui, nikamwekea ulimini. Kilikaa pale pale. Tui lilishuka pembeni mwa mdomo hadi kwenye mto. Nikajaribu tena. Akakohoa kikohozi cha mtu anayezama.

Nalongo alinishika mkono, huruma ikamtoa maneno ya Kiganda. "Bambi, Rehema, acha. Atapaliwa. Acha, nyabo."

Tulimwita muuguzi anayekaa nyuma ya msikiti. Alikuja na nguo zake za Idi. Alimgusa shingo, alimtazama kucha, akaniambia nisimtie tena kitu chochote mdomoni, hata maji, nimlowanishe midomo kwa pamba tu. Nikamuuliza mpaka lini. Akaniangalia akasema, "Mpaka hivyo hivyo, Dada." Nilimpa kipande cha mkate aende nacho. Alikila hapo hapo mlangoni, masikini, akausifu.

Mama hajafumbua macho tena.

Mchana mzima wageni wa Idi walipita, wakala, wakasifu. Mkate wenye vitundu! Rehema umekuwa fundi! Niliwawekea mbele yao nikawa natabasamu. Kila kipande kilichoingia kinywani mwa mtu nilikihesabu ni cha Mama. Nilibakiza robo kwa ajili ya Twaha, nikaifunika.

Alikuja alasiri na nguo za kazini. Hakusema hodi safari hii. Aliingia moja kwa moja chumbani, nikamfuata. Alimkuta Mama amelala, midomo inang'aa kwa maji ya pamba, na kisahani cha mkate uliovunjwa vunjwa kiko juu ya stuli. Alikitazama kisahani. Akageuka, akaniuliza kwa kunong'ona, kama mtoto anayeogopa jibu.

"Ameonja?"

Nilikuwa na muda wa kusema kweli. Haikuwa ghafla, nisijitetee kwamba ulimi uliteleza. Niliona uso wake, nikaona na uso wangu mwenyewe ulivyokuwa Alhamisi mbele ya kikaango, nikajua nikisema hapana atauliza kwa nini, na kwa nini ina jibu moja tu.

Nikasema, "Ameonja. Asubuhi, kipande kidogo. Akasema ni kizuri."

Nalongo alikuwa pembeni akikunja shuka. Aliinua kichwa, akaniangalia, akaendelea kukunja.

Twaha alikaa chini sakafuni. Alisema alhamdulillahi, akasema tena, kisha mwanamume mzima wa mvi akalia na kuficha uso kwenye ukingo wa godoro. Aliniambia tangu Ijumaa hakulala, kwamba usiku kucha alikuwa akijilaumu kuja siku isiyo yetu, kwamba angejua angengoja. Yeye ndiye aliyekuwa akijilaumu. Halafu akasema maneno ambayo miaka miwili nimeyatamani, nimeyafanyia mazoezi jinsi nitakavyoyapokea kwa kiburi. "Dada, nisamehe ya arobaini. Nilimvunjia Baba heshima, na wewe."

Nikasema yamekwisha.

Nikaleta sinia. Tuliiweka chini kando ya kitanda, tukakaa huku na huku, tukala robo ile ya mkate kwa mikono yetu, Mama juu yetu anapumua kwa shida. Alichokitaka kikatimia kama hivyo, yeye akiwa hayupo. Mkate ulikuwa mtamu kweli, chumvi imekaa mahali pake. Mimi nilikula nikiutazama ule mto. Twaha alikula kwa shukrani, akaokota na makombo.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi sina hata mtoto na huyu mjukuu ameshanifikia.

Usiku wote na leo asubuhi nimejiuliza kama nilidanganya kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Najaribu kusema nilimpa faraja, kwamba amepata amani na haimgharimu Mama chochote. Kisha naona jinsi nilivyopumua Twaha alipoamini. Alikuwa ameniomba msamaha kwa kosa lililokwisha, na mimi nimekaa na langu bichi, la siku tatu, nikampokea kama mkubwa anayesamehe. Undugu wetu umerudi na nimeujenga juu ya kipande cha mkate kilichodondoka kwenye mto.

Kama ningeoka Alhamisi. Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta mara tatu. Kama ningeoka Alhamisi angekula Ijumaa, akiwa amekaa, amevaa leso mpya, na sisi wawili mbele yake. Angenitania. Mwezi usingepungukiwa na kitu.

Nalongo amepita hapa barazani saa hizi akielekea dukani. Tangu jana hajaniuliza. Leo amesimama, ameegemea nguzo, akasema, "Rehema, yule ndugu yako ni mutu muzuli." Nikasema ndiyo. Akangoja. Nilipoinamia simu yangu akasema, "Kale," yaani haya basi kwa Kiganda, akaenda zake.

Muuguzi amekuja asubuhi mara moja. Amesema siku mbili, au pungufu.

Simu imelia nikiwa naandika hayo. Ni Twaha. Anasema jana aliwasimulia watoto wake jinsi bibi yao alivyokula mkate wa Idi, wamefurahi, wakaanza kudai kuja. Hawajamwona tangu arobaini. Anauliza kama kuna kipande kimebaki, na kama hakipo nimwokee Mama kingine kidogo, yeye ataleta nazi. Anakuja nao kesho saa nne asubuhi, anataka wamwone akila; anadhani jana alikuwa amelala tu, na aliyosema muuguzi sijamwambia.

Nimemjibu, karibuni.

Sijui nitamfungulia mlango kwa uso gani.